Mbwa Mkali

Nathubutu kusema kwamba maandishi yanayosomwa na watu wengi zaidi katika miji yetu si magazeti wala vitabu vya hadithi. Ni maneno mawili yaliyopakwa rangi nyekundu kwenye bati au ubao, juu ya lango la nyumba: MBWA MKALI. Mtoto wa hapa Kondoa huyasoma kabla hajamaliza kitabu chake cha kwanza cha shule. Nami kwa kuwa nimekula mshahara wa kufundisha watu kusoma kwa zaidi ya miaka 30, kwanza shuleni na baadaye chuo cha ualimu, msomaji aniruhusu niyahakiki kama ninavyohakiki maandishi mengine yoyote.

Ukiyatazama vizuri, utaona kwamba hayamwambii yule yanayedhaniwa kumwambia. Mwizi huja usiku wala hasomi. Wanaosoma ni mama muuza maziwa, mtoto aliyetumwa kuomba chumvi, na balozi anayepita na barua ya mkutano. Hao ndio wanaotishwa. Halafu hilo neno "mkali" ni sifa isiyo na sababu. Mkali kwa nini? Kwa njaa? Kwa kidonda? Kwa kufungwa kutwa nzima juani bila maji? Kivumishi kimoja kimeziba maswali yote, na mwenye nyumba amekitundika langoni kwa fahari, kana kwamba anatangaza cheo.

Lawama hii sitaki kuwaachia wapaka rangi peke yao. Sisi walimu tumo. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha iitwayo "Mbwa Wetu", na ningeweza kuiandika nikiwa usingizini. Mbwa ni mnyama afugwaye nyumbani. Ana miguu minne na mkia. Hulinda nyumba. Hubweka akiona mgeni. Kisha huja aya ya faida za mbwa. Nilitoa alama saba au nane kwa kumi na kukosoa herufi kubwa. Sikumbuki hata insha moja ambamo mbwa alikunywa maji. Katika sarufi ya insha zile mbwa ni mtenda siku zote: hulinda, hubweka, hung'ata. Kutendewa hatendewi. Halishwi, haogeshwi, hatibiwi. Nami niliyewafundisha walimu wanafunzi wangu kauli ya kutendwa kwa mifano kadha wa kadha, sikuliona pengo hilo.

Labda tatizo limo ndani ya kitenzi chenyewe. Twasema kufuga ng'ombe, na kila mtu aelewa kwamba pana malisho, josho na dawa. Lakini twasema pia kufuga ndevu, kufuga kucha, na mtu akikaa na maumivu bila kwenda hospitali twamwambia anafuga ugonjwa. Huku kufuga ni kuacha tu kitu kiendelee chenyewe. Mbwa wetu, naona, tumemfuga kwa maana hii ya pili. Tulipokuwa na ng'ombe katika vilima vya Irangi, baba yangu aliwapeleka joshoni kuua kupe. Mbwa aliandamana nao njia nzima, akakaa kivulini mpaka zoezi likaisha, akarudi na kupe wake masikioni. Mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa milimani ili kuinusuru ardhi iliyoliwa na mmomonyoko, ng'ombe wetu walihamishwa na mbwa akabaki. Kwa kuwa kazi imekwisha, na chakula kikapungua. Faida ilikuwa imefutika katika ile insha.

Sasa nieleze la kwangu, maana mhakiki asiyejihakiki ni mzushi. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu, nami nilikuwa na ubao langoni. Niliupaka rangi kwa mkono wangu, kwa herufi nzuri sana. Mbwa wangu aliitwa Simba, kama nusu ya mbwa wote wa Tanzania. Mchana alikuwa kwenye mnyororo, usiku nikimfungulia awafukuze nguruwe mwitu shambani. Jioni moja mvulana wa darasa la tano aliniletea madaftari. Akapiga hodi, akasema, "Shikamoo, mwalimu," na kabla sijaitikia, Simba alikuwa amemkamata mguuni. Tulimmwagia mafuta ya taa kwenye jeraha, ndivyo tulivyojua. Laiti ningejua kwamba yafaa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha ndipo mtu akimbilie hospitali kupata chanjo!

Baba yake alikuja usiku uleule. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, huyu mbwa amechanjwa?"

Sikujua la kumjibu. Nilijua tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto wa shule ile, lakini hilo sikulijua.

Kichaa cha mbwa huingia kwa mate, hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na kinaweza kujificha wiki au miezi. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemewa; karibu wote hufa. Basi mtoto alianza sindano, na afisa mifugo akaniagiza nimfunge mbwa na kumtazama kwa siku 10. Mbwa mwenye virusi mateni, alinifafanulia, huugua wazi au kufa ndani ya siku hizo. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku ya kuuma hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza.

Siku 10 hizo ndizo mara ya kwanza nilipomsoma mbwa wangu. Nilikaa kwenye kigoda na kumtazama kama mtu anayesubiri hukumu. Siku ya pili niliona kwamba mnyororo ulikuwa umekata ngozi ya shingo, na ndani ya kidonda mlikuwa na funza. Ndani ya masikio kupe walikuwa wamejipanga kama mbegu za mtama. Niliweza kuhesabu mbavu zake. Sufuria yake ya maji ilikuwa imekauka, na sijui ilikuwa imekauka tangu lini. Ule ukali niliouandika langoni kwa herufi nzuri ulikuwa ni maumivu ya shingo. Siku ya kumi Simba alikula, akabweka, akatikisa mkia. Mtoto alinusurika kichaa. Kovu alibaki nalo.

Baadhi ya ndugu zangu Waislamu wataniambia kwamba mate ya mbwa ni najisi. Ni kweli, na madhehebu yetu ya Shafii yamefundisha jinsi ya kuosha chombo mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mafundisho hayohayo yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na ni katika hadithi za Mtume kwamba mtu alisamehewa dhambi kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani na kumchotea maji kwa kiatu chake. Twahara hainizuii kujaza sufuria. Pemba, kisiwa ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu, kimetuonyesha hivyo: kwa kuchanja mbwa kampeni baada ya kampeni walikitokomeza kichaa, kikarudi mwaka 2016, wakakitokomeza tena kufikia 2018.

Naandika haya kwa sababu lipo neno lingine ambalo naliona baya kuliko "mkali", nalo ni "koko". Kila kichaa kikizuka husikia watu wakitaka mbwa koko wapigwe risasi. Lakini wataalamu waliochunguza vijiji vya nchi hii wameona kwamba mbwa wengi mno wanaozurura wana wenyewe. Asubuhi ni wa fulani, akila taka sokoni ni koko, akimuuma mtoto hana mwenyewe kabisa. Neno hilo humwondolea mtu jina lake la mwenye mbwa. Na kuwaua hakujasaidia popote: waliobaki huzaa, wengine huletwa, na ugonjwa unaendelea. Kinachousimamisha ni kuchanja walau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia mwaka hadi mwaka. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Hesabu hiyo ya 70 haifikiwi na afisa mifugo akiwafukuza mbwa wasio na wenyewe. Hufikiwa na mtu aliyeshika kamba, kwenye foleni, asemaye: huyu ni wangu.

Ubao wangu niliung'oa mwaka uleule, nikaugeuza kuwa mlango wa banda la kuku. Mbwa niliye naye sasa ana kadi ya chanjo, namwogesha dawa ya kupe, na matumbo ya mbuzi hapewi mabichi, kwa ajili ya minyoo. Mvulana yule leo ni mtu mzima mwenye watoto, na twaheshimiana sana. Akija kunijulia hali, husimama barabarani, ng'ambo ya ua, na kupiga hodi kutoka hukohuko mpaka nitoke.