Nusu Sentensi ya Satoshi

Waraka wa Satoshi Nakamoto kuhusu Bitcoin, uliotoka tarehe 31 Oktoba 2008, ni kurasa 9 tu. Mimi sikumaliza chuo na hesabu zake zilinitoa jasho, lakini hoja niliishika mara moja. Hiyo ndiyo sifa yake: hauna mbwembwe.

Hoja ni hii. Mtandaoni hatulipani bila kumwamini mtu wa kati, yaani benki. Basi mtoe. Weka daftari linaloonekana na wote, na malipo yakishapita yasirudi, ili muuzaji asitapeliwe.

Sawa. Na mnunuzi je? Yeye amepewa nusu sentensi kwenye utangulizi: kwamba utaratibu wa kushikiwa pesa mpaka mambo yakamilike unaweza kutengenezwa kirahisi. Kirahisi! Waraka unasonga mbele kama vile hapo hakuna neno.

Lakini nani anashika? Silk Road, soko la siri lililofunguliwa 2011 ndani ya Tor, lilijibu: soko lenyewe. Unatuma bitcoin, soko linakaa nazo, mzigo ukifika ndiyo muuzaji analipwa. Sasa niambie, hiyo si benki? Tena benki isiyo na ofisi wala jina. Machi 2015, wenye soko lingine, Evolution, walizima kila kitu wakatoweka na pesa za wateja. Ungemshtaki nani?

Hata siri yenyewe ni ya nusu. Sehemu ya 10 ya waraka inasema wazi kwamba miamala yote inaonekana, kinachofichwa ni mwenye akaunti. Maafisa wawili wa serikali ya Marekani waliokuwa wakichunguza Silk Road waliiba bitcoin humo, na daftari hilo hilo likasaidia kuwanasa. Wote wawili walifungwa.

Nasoma haya nikiwa Kenya, ambako chama hushika pesa za watu kila wiki. Mweka hazina akihepa, tunajua kwao, tunamjua mamake. Si kinga kamili, wengi wamelizwa na vyama, lakini kuna mlango wa kubisha.

Kama maandishi, waraka huu naupa heko. Kasoro yake ni kuona kuaminiana kama hitilafu ya mitambo. Walioutumia gizani walihitaji mtu wa kushika pesa kama sisi tu, wakampata, ila hawakujua jina lake.