Nuru ya Tangi na Hesabu ya Msasa

Mtu alitazamapo tangi la Harley-Davidson lililopigwa rangi ya candy, ile nyekundu yenye kina ambayo Joe Bailon wa California husifiwa kwa kuibuni katika miaka ya 1950, aghalabu hudhani kuwa mng'ao wake umeletwa na polishi iliyopakwa mwishoni; ilhali polishi haiongezi kitu juu ya rangi, bali hupunguza, na kazi yote ya kung'arisha ni kazi ya kuondoa kwa kipimo.

Sababu yake imo katika tabia ya nuru. Uso uliolingana huirudisha miale kwa mpango mmoja, na mtazamaji akaiona sura yake humo. Bali uso wenye vijibonde kama ganda la chungwa, vile vinavyobaki karibu kila mara klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi, inapopulizwa, huitawanya miale hiyo na taswira ikavurugika. Katika rangi ya candy hasara huzidi, kwa kuwa rangi yenyewe ni tabaka linalopenyeka, lililolazwa juu ya rangi ya fedha au dhahabu, na nuru haina budi kulipita mara mbili, kwenda na kurudi, kabla ya kulifikia jicho.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Mkono mmoja wa klia, ukishakauka, huwa na unene wa takriban maikroni 25, hata mikono mitatu haifiki maikroni 100. Na ndani ya akiba hiyo ndogo fundi sharti aondoe vijibonde, vumbi lililonasa, na ile ngazi iliyoachwa na utepe wa kuzibia rangi kwenye kingo za michoro. Ngazi ikiwa kubwa, kuisaga kwa mara moja ni kuikaribisha hasara: mastadi huipaka klia, huiacha ikauke, huisawazisha kwa msasa namba 600, ndipo wakapaka klia ya pili, na hiyo ndiyo itakayong'arishwa.

Msasa utumikao ni wa maji, alioubuni Francis Okie, mfanyabiashara wa wino wa Philadelphia, na ambao kampuni ya 3M iliutoa mwaka 1921. Chembe za P1500 zina wastani wa maikroni 12.6, za P2000 maikroni 10.3, na wajibu wa kila namba ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia, wala si zaidi. Kwa hiyo fundi hubadili mwelekeo wa mkono kila abadilipo msasa, apate kuiona mikwaruzo ya zamani ikitoweka chini ya mipya. Kila mara huyafuta maji kwa kipande cha mpira na kutazama: palipo bado na mng'ao ni bondeni, msasa haujapafika; uso wote ukishafifia sawasawa, aache papo hapo. Maji yawe meupe. Yakigeuka mekundu, candy imekwisha guswa, na kwa kuwa wekundu wake hutegemea unene wake, kiraka hakitalingana kamwe, na tangi zima hurudiwa.

Hatari hiyo hukaa hasa kwenye kingo, kwenye maungio na mdomo wa mafuta, ambako klia hujivuta ikawa nyembamba na msasa hukaza zaidi. Kwa sababu hiyo kingo huzibwa kwa utepe hadi mwisho, na mashine ya polishi huendeshwa polepole, isije ikazichoma.

Lakini kwa maoni yangu, sehemu iliyo bora katika kazi hii ni kungoja. Klia inayoonekana kavu bado huweza kuwa na thina, yaani kiyeyushi chake, ndani yake. Ikisagwa mapema, hung'aa siku ile, kisha thina ikitoka, klia hunywea na mikwaruzo iliyodhaniwa kufutika hujitokeza tena. Basi wewe mwenye pikipiki, fundi akikuomba umwachie tangi lako muda zaidi kabla ya kulisaga, tafadhali mwachie.