Mkwaruzo wa Remmy

Usiku mmoja katika baa ya Sinza, si mbali na kituo ambacho makondakta wa daladala hukinadi kwa jina la "Kwa Remmy", nilimsikia kijana mwenye sauti safi, iliyolelewa bila shaka katika kwaya, akiuimba "Kifo", wimbo wa marehemu Dakta Remmy Ongala. Hakukosea hata mahali pamoja. Mwisho wa kila mstari aliurefusha na kuutetemesha kwa madaha, na palipotakiwa kupanda alipanda pasipo taabu, kama mtu apandaye ngazi za nyumba yake. Na muda wote huo wateja waliendelea kutafuna nyama choma na kuulizana habari za mpira. Bendi ilipopumzika, mwenye baa akauweka wimbo ule ule katika sauti ya mwenyewe, na mzee mmoja wa meza ya jirani, aliyekuwa amekwisha inua chupa yake, akairudisha mezani kabla haijafika mdomoni.

Kwa kipimo cha mwalimu wa kwaya, sauti ya Remmy ina taksiri nyingi: ni kavu, ya kukwaruza, haina upana, na lafudhi ya Kongo, alikozaliwa katika mji wa Kindu mwaka 1947, haikumtoka ulimini hata baada ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Mji aliouingia ulikuwa na Marijani Rajabu, ambaye watu walimwita Jabali la Muziki, na mtu yeyote aliyekuja kushindana naye kwa utamu wa koo angerudi kwao mapema. Remmy hakushindana kwa utamu. Alizijenga nyimbo zake, tangu mahadhi hadi mpango wa magitaa, kwa namna ambayo sauti nzuri ingeziharibu. Na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililompata yule kijana.

Tutazame mahadhi kwanza. Aghalabu hayavuki mipaka ambayo mtu wa kawaida huifikia akishtaki jambo barazani: hupanda anaposisitiza, hushuka anapochoka, na mkazo wa neno hubaki pale pale unapokaa katika mazungumzo, silabi moja kabla ya ya mwisho, badala ya kuvutwa huku na huku ili kuufuata muziki. Kwa hiyo msikilizaji huyasikia maneno kabla hajausikia uimbaji, na Remmy anapokaribia kuacha kuimba kabisa, akawa anauliza, anataja watu, analaumu, hakuna mshono unaoonekana kati ya hali hizo mbili. Mwenye sauti ya asali hawezi kulifanya hilo sahali; kila anaposhuka kutoka katika wimbo kuja katika usemi, kishindo cha kushuka husikika.

Utamu ambao koo lilimnyima, Remmy aliuweka amana kwa wenzake. Katika bendi yake, Orchestra Super Matimila, gitaa la solo la Batii Osenga lina mlio mwembamba unaong'aa, gitaa la kati hujibizana nalo, na waitikiaji hupokea kiitikio kwa sauti laini zilizoshikana. Ndipo sauti ya mwenye wimbo huingia katika nafasi aliyoachiwa, ikiwa na chembechembe zake zote. Aliyepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja amepata kuuona mlango wa nakshi katika ukuta wa mawe ya matumbawe uliobambuka chokaa: jicho halimlaumu mwashi, maana ukuta huo ndio unaoufanya mlango usimame mbele.

Na mwenye kusema katika nyimbo hizo ni nani? Aghalabu ni mnyonge. Katika "Kifo" anakikabili kifo kama mtu aliyemfumania mdhalimu wake mlangoni. Wakili mwenye fasaha tungemsifu na kumshuku. Mdai mwenyewe, aliyepiga kelele tangu asubuhi hata koo likakauka, tunamsadiki kabla hajamaliza shakwa lake. Vivyo hivyo "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza mipira ya kondomu ambao Radio Tanzania ilikataa kuupiga: lau ungeimbwa kwa sauti nyororo ungekuwa ama ufasiki ama tangazo la wizara, ilhali katika koo la Remmy ni mjomba asiye na haya, aliyewaita wapwa zake nyuma ya nyumba kuwaambia jambo ambalo baba zao wameshindwa kulitamka.

Nisidhaniwe kusema kwamba kila koo bovu lina hekima. Wapo waliojikwaruza kwa makusudi, na wakakohoa tu katika kipaza sauti. Wala Remmy mwenyewe hakufaulu kila mara. Katika albamu ya "Mambo", iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1992, zimo nyimbo za Kiingereza, mathalani "No Money, No Life". Magitaa ni yale yale, usafi wa kurekodi ni wa kutamanika, lakini sauti imenyang'anywa fimbo yake. Mikazo haiangukii tena pale panapoangukia pumzi ya msemaji, na hapo ndipo mimi, niliyempenda miaka yote, husikia kasoro ikiwa kasoro.

Remmy alifariki Desemba 2010, baada ya kuuacha muziki wa dansi na kuingia katika nyimbo za Injili. Usiku ule wa Sinza, wimbo wake ulipokuwa ukielekea mwisho, nilimwona yule kijana wa bendi amesimama kando ya spika, kichwa amekiinamisha, midomo ikicheza bila kutoa sauti, akiyafuata maneno mahali ambapo Remmy anaelekea zaidi kusema kuliko kuimba. Kisha akarudi jukwaani, akanong'ona na mpiga solo, akaimba wimbo mwingine, wa mapenzi, wa Marijani. Na akauimba vizuri sana.