Lifti haina kosa, kesi ni ya mnara

Ikitajwa Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe wa Zanzibar, huku Al Khuwair, Muscat, wazee wa Unguja hukimbilia lifti: ya mwanzo Afrika Mashariki, ya umeme, na leo haipo tena. Haya, lifti ilikuwa kazi ya maana, tuiache hapo. Kilichoharibu ni mnara wa saa, na wenzangu wa kahawa wamechoka kunisikia.

Video za tarehe 25 Disemba 2020 mmeziona. Uso wa jumba upande wa Forodhani uliporomoka, mnara ukaenda nao, wakafa watu wawili. Lawama wakabebeshwa mafundi na mvua. Mvua ina lake: paa likivuja, vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta, mihimili ya chuma inashika kutu na kuvimba, chokaa inaachana na jiwe. Roshani ilishaanguka kipande 2012. Lakini rudini nyuma zaidi.

Jumba hilo la Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, lilisimama 1883, na mnara wa taa ulikuwa nje, juu ya msingi wake wenyewe. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 ikauvunja; jumba likanusurika. Walipotengeneza 1897, badala ya kuurudisha mnara chini, wakapachika mnara wa saa kwenye uso wa jumba! Nani aliwaambia uso ule ni wa kubeba? Ulijengwa kwa kivuli na upepo wa bahari: roshani pana, nguzo nyembamba za chuma, kuta za mawe ya matumbawe. Ukuta wa aina hiyo huvumilia mzigo ulioenea. Ukiurundikia mahali pamoja, pale panadidimia kuliko pembeni, ufa unafunguka, maji yamepata njia. Sisemi mnara peke yake ndio uliouangusha. Nasema jengo linalozeeka lilitwishwa mzigo huo miaka 123.

Na bado tunaambiwa mainjinia wa kikoloni ndio waliotufunza ujenzi. Aliyewapa watu wa mjini maji ya chemchemi kwa mfereji ni Barghash, na minara aliiacha ardhini.

Tazameni mlingoti wa bendera wa hapa Al Khuwair, mita 126. Una msingi wake. Hakuna aliyefikiria kuusimamisha juu ya paa la wizara.

Oman imetoa fedha za ukarabati, kwa hiyo na sisi tuna la kusema. Lifti irudisheni, watu wazima wapande wakaone bahari. Mnara mkiutaka, ujengeni chini.