Paa jepesi, msingi mzito: Stuttgart tunaisifu nusunusu

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio hili. Chukua kipande cha waya, kikunje kiwe duara, kisha lipinde hilo duara, upande huu juu, upande ule chini. Lizamishe kwenye maji ya sabuni, ulitoe taratibu. Utaona utando mwembamba umejitandaza ndani ya waya, umebonyea kama tandiko la punda. Hujachora kitu wala hujapiga hesabu. Utando umejitafutia wenyewe umbo lenye eneo dogo kwa mpaka uliopewa, na unavutika kwa nguvu ileile kila sehemu.

Frei Otto, msanifu majengo wa Kijerumani, alitumia miaka mingi akichezea tando za namna hii. Mwaka 1964 alianzisha taasisi ya majengo mepesi katika chuo kikuu cha Stuttgart. Aliyemwita pale ni Fritz Leonhardt, mhandisi wa madaraja na wa mnara wa televisheni wa mji huohuo. Yaani mhandisi ndiye aliyemkaribisha msanifu. Shika hilo, maana makala nyingi za kumsifu Otto hulipita kimyakimya.

Hadithi inayopendwa ni hii: mtu mwenye kipaji alitazama povu na nyumba ya buibui, akaiga maumbile, na paa la uwanja wa Olimpiki wa Munich wa 1972 likazaliwa. Tamu kweli, lakini sivyo ilivyokuwa.

Wazo la kwanza lilitoka ofisi ya Günter Behnisch, iliyoshinda shindano mwaka 1967 kwa kielelezo ambacho paa lake lilikuwa soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya vijiti! Wapo waliotilia shaka kama kitu kile kingejengeka. Otto aliingia baadaye, pamoja na wahandisi wa ofisi ya Leonhardt, akiwemo Jörg Schlaich. Soksi ikageuka wavu wa kebo za chuma wenye matundu ya sentimita 75 kwa 75, kufunika karibu mita za mraba 75,000. Na kebo lazima zikatwe kwa urefu kamili kabla ya kupandishwa juu. Sasa pima mwenyewe: ukikosea milimita moja kwenye kielelezo cha kipimo cha 1:125, kwenye jengo umekosea sentimita 12 na nusu. Kwa wavu uliokazwa, hilo ni balaa.

Hapo sabuni ikafika mwisho wake. Waliookoa kazi ni John Argyris na Klaus Linkwitz, kila mmoja kwa njia yake, kwa kompyuta za wakati ule. Linkwitz alikuwa mtu wa upimaji. Kwake ikazaliwa mbinu ambayo kwanza inagawanya nguvu ya kila kebo kwa urefu wake. Ukishapanga uwiano huo, kutafuta umbo la wavu mzima kunakuwa milinganyo ya mstari tu, ile ya sekondari, ila mingi mno. Mbinu hiyo inatumika hadi leo. Isingezaliwa kama msanifu angemaliza michoro yake kwanza, halafu akampelekea mhandisi "aweke nondo".

Mimi nimesoma uhandisi. Kwa miaka minne wanafunzi wa usanifu majengo walikuwa jengo la pili, tukikutana kantini tu. Nikaanza kazi, michoro ikawa inaniijia imekwisha, na kazi yangu ikawa kuongeza nguzo na zege mpaka kisimame. Ndiyo maana naionea Stuttgart wivu. Ila wivu usinifumbe macho.

Neno "jepesi" lina ujanja ndani yake. Kumbuka kamba ya kuanikia nguo: kadiri unavyoikaza inyooke, ndivyo blanketi bichi linavyozidi kuvuta vigingi. Paa la Munich linavuta hivyohivyo, na kinacholishikilia ni misingi mikubwa ya zege iliyozikwa ardhini. Watalii hupiga picha juu. Zege liko chini, nje ya picha. Ukitaka kuniambia jengo ni jepesi, weka na misingi kwenye mizani.

Baadaye taasisi ya Otto na ile ya Schlaich ziliunganishwa kuwa moja, ILEK, chini ya Werner Sobek, ambaye amesomea fani zote mbili. Mwaka 2021 pale Stuttgart ulifunguliwa mnara wa majaribio wenye urefu wa mita 36.5 na ghorofa 12. Vihisi hupima jinsi upepo unavyousukuma, na mitambo ya haidroliki ndani ya nguzo na mihimili ya mshazari inausukuma upande wa pili. Hoja yao ni nzito: jengo la kawaida hubebeshwa chuma na zege maisha yake yote kwa ajili ya dhoruba ya nadra. Sawa. Lakini hapo uzito umebadilishwa kuwa umeme na matengenezo, na wewe unayesoma hii huku chaji inakaribia kuisha unajua swali langu linalofuata.

Kwa hiyo, tuchukue nini kwao? Mfano ninaoupenda uko Gahanga, Kigali. Uwanja wa kriketi wa Rwanda, uliofunguliwa 2017, umeezekwa kwa kuba nyembamba za vigae vya udongo wa pale pale vilivyoshindiliwa na saruji kidogo. Nyuma yake kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wa Michael Ramage. Hakuna kebo wala haidroliki: umbo limechaguliwa ili vigae vikandamizwe, kwa sababu udongo unavumilia kukandamizwa, kuvutwa hauwezi. Msanifu hakuweza kupinda kuba alivyotaka. Mhandisi naye hakuweza kusema "ongeza zege", kwa kuwa hoja nzima ilikuwa kulipunguza.

Nalo nalidai mizani ileile. Kuba husukuma nje pembeni. Ukifika Gahanga, ukimaliza kupiga picha ya juu, inama uangalie miguu yake inakokanyaga.