Mwanamke na Neno Lake Mwenyewe

Mwaka 1937 Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi wa Marekani, alitoa riwaya iitwayo Their Eyes Were Watching God. Mwaka huo huo Richard Wright, mwandishi mweusi mwenziwe, aliishutumu kwamba haina dhamira wala ujumbe. Shutuma hiyo yafaa ipimwe, kwani riwaya hii yauliza swali zito: ni nani mwenye haki ya kusema mwanamke ni nani, na mwili wake ni wa nani?

Janie, ambaye ndiye kiini cha hadithi, alilelewa na bibi yake huko Florida. Alipokuwa na miaka 16 alilala chini ya mti wa peasi uliochanua, akawatazama nyuki wakiingia mauani, akatambua ashiki iliyoamka mwilini mwake. Hurston aeleza jambo hili pasipo utovu wa adabu na pasipo aibu, kama mtu aelezaye mapambazuko.

Bibi aliona vingine. Yeye alizaliwa utumwani, akazalishwa na bwana aliyemmiliki. Binti yake naye alinajisiwa. Kwake yeye, mwili wa mwanamke mweusi ulikuwa mlango wa msiba. Kwa hiyo alimwoza mjukuu wake kwa Logan Killicks, mtu mzima mwenye shamba la ekari 60. Tusimcheke bibi huyu, maana hofu yake ilikuwa na sababu. Walakini kinga aliyoitafuta iligeuka kuwa kufuli.

Janie alimkimbia Killicks akaolewa na Joe Starks, aliyekuwa meya wa Eatonville, mji wa watu weusi. Joe alimpa nyumba nzuri, akamnyima kinywa: alimkataza kusema mbele ya watu, akamwamuru afunge nywele zake kwa kitambaa ili wanaume wengine wasizione. Siku alipompiga kwa sababu ya chakula kilichoharibika, mapenzi yalihama chumbani mwao. Hapa ustadi wa mwandishi waonekana. Joe alipokufa, Janie alikivua kitambaa, akajitazama katika kioo, kisha akakifunga tena kabla ya kuwatangazia watu msiba. Baada ya mazishi alivichoma moto vitambaa vyote. Hotuba ndefu juu ya uhuru isingalisema zaidi ya hayo.

Mume wa tatu, Tea Cake, alikuwa mdogo kwake kwa miaka 12 hivi. Alianza kwa kumwalika kucheza dama, mchezo ambao hakuna aliyepata kumfundisha. Walichuma maharagwe pamoja, wakacheka pamoja, na ashiki iliyozimwa ikawaka tena. Lakini hapa ndipo ninapomlaumu mwandishi. Tea Cake alimpiga mkewe ili watu wajue kwamba ni wake, na Hurston alipita pale bila karipio. Wako wasemao kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya siku zile. Jibu hilo halitoshi. Kama kofi la Joe lilikuwa dhuluma, la Tea Cake halitakaswi na mapenzi.

Tena, Tea Cake alipoumwa na mbwa mwenye kichaa akaugua na kutaka kumwua, Janie alimpiga risasi kuokoa maisha yake. Mahakamani twaambiwa kwamba alisema, lakini maneno yenyewe hatuyasikii. Wengi wameliona hilo kuwa pengo. Mimi naona kwamba pengo hilo lajazwa na umbo la kitabu kizima, kwani Janie ndiye amsimuliaye rafiki yake Pheoby maisha yake, jioni, barazani pa nyuma ya nyumba. Wazungu wa baraza la mahakama walipewa ushahidi. Rafiki amepewa hadithi.

Majirani walimsengenya aliporudi peke yake. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Janie amerudi hana mume, wala hajioni amepungukiwa. Basi uhuru wake haukuwa zawadi ya mume wa tatu. Uhuru huo ulikuwa katika kuyajua matamanio yake, kuyachagua maisha yake, na kuyasimulia kwa ulimi wake mwenyewe. Kitabu chenye maneno hayo hakiwezi kuitwa kitabu kisicho na ujumbe.