Kamera Macho, Betri Hoi: Gari Lililolala Kilwa Masoko

Gari linaloachwa Kilwa Masoko mara nyingi haliachwi kwa saa moja. Mwenyewe anavuka kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu, anaunganisha hadi Songo Mnara, na bahari ikichafuka analala hukohuko. Mwingine anakwenda kikazi Songo Songo, kisiwa ambacho gesi yake husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2004, na akifika huko hapangi yeye siku ya kurudi. Gari linabaki ng'ambo usiku mmoja, miwili, hata mitatu. Siku hizi linabaki na kamera kwenye kioo cha mbele, imeachwa ikilinda.

Gari tunalolichambua hapa ni Toyota Noah inayobeba wageni kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Betri yake ni NS60 yenye umri wa miaka mitatu hivi, na kamera yake ina macho mawili, moja la mbele na moja la nyuma. Kamera hiyo ilifungwa mara mbili. Baada ya ufungaji wa kwanza, gari lililala Masoko siku mbili na halikuwaka: stata ikatoa tik, tik, taa za dashibodi zikafifia, ikabidi litafutwe gari jingine la kubusti. Mwenye gari akataka kamera ing'olewe. Ilipopimwa vizuri, kamera ilionekana haina ubovu wowote. Tatizo lilikuwa namba moja iliyochaguliwa bila kuiangalia betri, pamoja na nyaya mbili zilizofungwa mahali pamoja.

Tuanze na nyaya. Kifaa cha kuunganishia kamera kwenye boksi la fyuzi huja na nyaya tatu. Wa njano hupokea umeme usiokatika, gari likiwa limewashwa au limezimwa. Mwekundu hupokea umeme unaokuja pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweusi ni wa hasi, hufungwa kwenye chuma cha bodi. Kamera hujua kwamba gari limeegeshwa kwa njia moja tu: mwekundu unakufa huku wa njano ukiwa hai. Hapo ndipo inapoingia hali ya maegesho na kupunguza matumizi.

Kwenye Noah, aliyefunga mara ya kwanza aliunganisha wa njano na mwekundu kwenye fyuzi moja, ile ya umeme usiokatika. Ni njia ya mkato iliyozoeleka, kwa sababu kamera inawaka papo hapo na mteja anaondoka ameridhika. Lakini kamera hiyo haitajua kamwe kwamba gari limezimwa. Itarekodi usiku kucha kama inavyorekodi ikiwa barabarani Somanga saa sita mchana. Waya wa hasi nao ulikazwa kwenye skrubu yenye rangi, si kwenye chuma kitupu. Mtu anaweza kudhani hilo ni dogo. Tutalirudia, kwa sababu pwani hii ina chumvi.

Sasa hesabu. Kamera ya macho mawili inaporekodi mfululizo hutumia wati 4 hivi, ambazo kwenye volti 12 ni kama ampea 0.35. Gari lenyewe likiwa limezimwa nalo lina vitu visivyolala: kengele ya wizi, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini. Gari zima hunywa miliampea 20 hadi 50 kwa ajili hiyo. Jumla tuiweke ampea 0.38. Kwa muda wa saa 40, yaani mchana mmoja na usiku miwili pamoja na vipande vyake, zinaondoka ampea-saa 15.

NS60 ikiwa mpya hubeba ampea-saa 45 hivi. Ukitoa 15, unabaki na theluthi mbili, na gari lingewaka bila wasiwasi. Mteja akielezwa hesabu hii dukani huridhika, naye muuzaji hasemi uongo, ila anazungumzia betri iliyotoka kwenye boksi. Betri ya risasi na tindikali iliyokaa miaka mitatu kwenye joto la pwani ni kama mtungi uliojaa tope chini: ukiutazama juu ni uleule, ila maji unayochota ni machache. Tukisema imebaki na uwezo wa ampea-saa 30, na kwamba siku ilipoegeshwa ilikuwa imejaa kwa asilimia 80, basi zilikuwamo 24. Toa 15. Zimebaki 9, ambazo ni asilimia 30 ya betri iliyokwisha kuchoka.

Hapo tunaifikia ile namba. Kifaa cha kuunganishia kina kinga inayokata umeme volti zinaposhuka hadi kikomo ulichochagua, na machaguo ya kawaida huanzia 11.6 hadi 12.4. Kwenye Noah kikomo kilikuwa 11.6. Betri ya volti 12 iliyotulia bila mzigo huonyesha 12.6 hadi 12.7 ikiwa imejaa. Ikifika 12.4 imebaki na robo tatu hivi, 12.2 nusu, 12.0 robo, na 11.8 huhesabiwa kuwa imekwisha. Aliyechagua 11.6 aliiambia kamera: endelea mpaka pasibaki kitu. Betri yenye asilimia 30 ilikuwa bado juu kidogo ya volti 12, kwa hiyo kinga haikukata. Ilifuata ilichoagizwa, na gari halikuwaka.

Kuwasha injini kwenyewe hakuli chaji nyingi. Stata ikivuta ampea 150 kwa sekunde mbili, inatumia chini ya ampea-saa 0.1, ambazo ni pungufu ya zile zinazotumiwa na kamera kwa nusu saa. Stata inachodai ni nguvu nyingi kwa mkupuo, na betri iliyochoka haiwezi kuitoa hata kama ndani yake bado kuna akiba. Ndiyo maana redio inaimba, taa zinawaka, na injini haizunguki.

Joto la Kilwa na Lindi lina tabia nyingine ambayo naiona ni hatari kuliko ya kamera. Kanuni ya kemia inayotumiwa na watengenezaji betri husema kwamba kila joto linapoongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, mwendo wa mabadiliko ndani ya betri unakaribia kuwa mara mbili, na umri wake hupungua kwa kiasi kama hicho. Joto hilohilo hulainisha oili na kuifanya injini izunguke kirahisi. Kwa hiyo betri mgonjwa wa Masoko huwasha gari kila asubuhi bila kulalamika, wakati mwenzake wa Makete angeshaumbuliwa na baridi siku nyingi. Mwenye gari anaamini betri ni nzima, anafunga kamera, na baada ya wiki mbili anasema kamera imeua betri.

Fundi wa mara ya pili, ambaye anafanyia kazi Masoko, hakuigusa kamera kwanza. Alichukua multimita akapima betri asubuhi kabla gari halijawashwa. Nasisitiza asubuhi: betri iliyotoka kuchajiwa na alteneta huonyesha volti za juu za kudanganya, 12.9 hata 13, na huhitaji saa kadhaa za kutulia. Kisha alimwita mtu apige stata huku yeye akitazama namba. Betri nzima haishuki chini ya volti 10 stata inapozunguka. Ikiporomoka chini ya 9.6, umri umekwenda. Injini ikiwa inanguruma alipima tena, akitafuta volti kati ya 13.8 na 14.4. Alteneta isiyofika hapo haitairudishia betri kilichotumika, hata ukiendesha mpaka Mtwara.

Baadaye alipima kile gari linachokunywa likiwa limezimwa. Hufunguliwa terminali ya hasi, multimita iliyowekwa kwenye ampea inaunganishwa katikati, milango inafungwa, na unasubiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Wanaopima papo hapo huona namba kubwa wakakimbilia kulaumu kamera au redio. Kwa gari linalofungwa kamera ya kulinda usiku, kipimo hiki ndicho cha maana kuliko vyote, na ndicho ninachokiona kikifanywa kwa nadra.

Terminali zenyewe zilikuwa na ule unga mweupe unaochanganyika na kijani. Hewa ya chumvi huuharakisha. Unaoshwa kwa maji ya moto na magadi, unakaushwa, terminali zinakazwa na kupakwa grisi. Kutu ya namna hiyo huzuia umeme, na skrubu yenye rangi aliyotumia fundi wa kwanza hufanya vivyo hivyo. Kifaa cha kamera hupima volti zinazokifikia chenyewe, si zilizo kwenye betri, kwa hiyo muunganisho mbovu huiba sehemu ya kumi ya volti au mbili. Ukiwa umeweka kikomo cha 12.4, kamera inazima saa chache tu baada ya kuegesha, nawe unadhani ni mbovu. Mwenye gari akishaona hivyo hushusha kikomo hadi 11.8 ili kamera idumu, na hapo ndipo anapoingia kwenye shimo. Waya wa hasi wa Noah ulihamishiwa kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa mpaka chuma kikang'aa.

Wa njano ulibaki kwenye fyuzi ya taa ya ndani, iliyoandikwa DOME. Mwekundu ulihamishiwa kwenye fyuzi ya kiwashio cha sigara, ambayo hufa ufunguo unapotolewa. Fyuzi za mifuko ya hewa, ambazo huandikwa SRS, na za breki za ABS haziguswi kwa ajili ya kamera, hata kama ndizo zilizo karibu na mkono.

Kikomo kiliwekwa 12.4. Kwa betri mpya ningekubali 12.2. Kwa betri ya miaka mitatu kwenye pwani hii sikubali chini ya 12.4, na 11.6 na 11.8 ningetamani zisiwepo kabisa kwenye vifaa vinavyouzwa kwa magari ya kawaida. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba, zilizotengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ukiikamua mpaka chini mara kwa mara na kuiacha ikae hivyo, salfati hugandamana kwenye sahani, na kila ukiichaji upya inarudi pungufu.

Lilibaki swali la hali gani ya kulinda ichaguliwe, na hapa watu wa pwani wanahitaji kufikiri kwa mazingira yao. Hali ya kunasa mwendo huamsha kamera kila kitu kinaposogea mbele yake. Egesha karibu na minazi ya Masoko msimu wa kusi uone: makuti hayatulii, vivuli vyake havitulii, kamera nayo hailali. Sokoni ni taa za bajaji na bodaboda. Hali hiyo inayosifiwa kwa kubana matumizi inageuka kuwa kurekodi mfululizo. Ile ya kupiga picha moja kwa sekunde nayo hutunza nafasi kwenye kadi ya kumbukumbu kuliko inavyotunza betri, kwa kuwa kamera inabaki macho muda wote.

Noah iliwekwa kwenye hali ya mshtuko. Kamera inalala, kinabaki macho kihisio tu, na kwa kamera nyingi matumizi hushuka hadi miliampea chache au makumi machache. Tuseme 30, tuongeze 30 za gari. Kwa saa 48 zinaondoka ampea-saa 2.9 badala ya zaidi ya 18. Ina gharama yake, na mteja aelezwe mapema: kamera huamka baada ya kugongwa, kwa hiyo huenda ikamnasa aliyekugonga akiwa anaondoka na isimnase akija. Ukiegesha Kariakoo, ambako mtu anaweza kung'oa kioo cha pembeni taratibu bila kulitikisa gari, hali ya kunasa mwendo kwa saa chache ina maana. Ukiliacha gari siku mbili ng'ambo ya Kisiwani, mshtuko unatosha.

Kurudisha chaji nako kuna hesabu yake. Betri iliyopungua kidogo hupokea polepole, na kadiri inavyojaa ndivyo inavyozidi kukataa. Safari ya Masoko hadi Nangurukuru inarudisha sehemu ya kilichotumika usiku mmoja wa kurekodi; ya Nangurukuru hadi Dar es Salaam inajaza kabisa. Mtumishi anayeendesha kutoka nyumbani hadi ofisini palepale Masoko, dakika tano kwenda na tano kurudi, na kuacha kamera ikirekodi kila usiku, anatoa zaidi ya anachorudisha. Betri yake itashuka ngazi kwa ngazi. Huyo apewe hali ya mshtuko, au azime kabisa hali ya maegesho nyumbani kwake kama uzio upo.

Yapo pia maegesho yasiyopangwa. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya kusini wilayani Kilwa, magari yalikaa kwenye foleni yakisubiri njia. Mtu akiwa ndani huacha ufunguo kwenye nafasi ya redio ili achaji simu na kusikiliza habari. Waya mwekundu unakuwa hai, kamera inajihesabu iko safarini, inarekodi kwa nguvu zote huku injini imezimwa. Kwenye foleni kama hiyo kamera ichomolewe.

Kwa wenye Fuso na Coaster za dizeli, nyingi hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizoungwa kwa mfuatano, na kikomo husomwa kwa namba hizo: 24.8 mahali pa 12.4. Kosa ninaloliogopa huko ni kuchukua umeme wa kamera kwenye betri moja kati ya mbili ili kupata volti 12. Moja inachakaa kabla ya mwenzake, na zote mbili zinakufa mapema.

Noah ilipokwisha kufungwa upya, fundi alimwachia mwenye gari kazi moja: kupima volti kila asubuhi kwa wiki nzima kabla ya kuwasha, na kuziandika. Zikisimama palepale, mpangilio unafaa. Zikishuka kidogo kidogo kila siku huku alteneta ikitoa 14, betri haishiki tena chaji, na inunuliwe nyingine kabla gari halijaachwa tena Masoko.